Dawa ya kontrasti yenye iodini kwa mgonjwa wa saratani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mgonjwa aliyeambiwa kwamba CT skani yake itafanywa "kwa dawa", na wa ndugu anayemsindikiza. Maswali yaliyomo ndiyo yanayoulizwa zaidi mlangoni mwa chumba cha kipimo, mara nyingi dakika chache kabla ya sindano, wakati ambao hakuna nafasi ya kuyajibu vizuri. Msimamo wangu niuseme mapema. Wagonjwa wengi huogopa mambo ambayo katika dawa hii hayana hatari, kisha hupuuza machache yenye hatari ya kweli: kufika kwenye kipimo mwili ukiwa umekauka maji, kutojua hali ya figo zao, au kunyamaza kuhusu sindano ya mwaka jana iliyowatoa vipele.

Dawa hii ni nini, na kwa nini iwe iodini?

Ni kimiminika angavu kinachodungwa mshipani, chenye molekuli zilizobeba atomi za iodini. Nyama laini za mwili huzuia eksirei kwa viwango vinavyokaribiana mno, kwa hiyo bila msaada wowote ini, uvimbe ulio ndani ya ini na mshipa unaopita kando yake huonekana kwa kijivu kimoja. Iodini, yenye namba ya atomi 53, huzuia eksirei kwa nguvu zaidi. Kila mahali damu yenye iodini inapofika panang'aa, na mahali isipofika panabaki na giza. Daktari husoma tofauti hiyo.

Dawa za aina hii zina historia ndefu. Mwaka 1929, mjini Berlin, daktari Mmarekani Moses Swick alionyesha kwamba kiambata cha iodini kinaweza kudungwa mshipani, kikatolewa na figo, na njia yote ya mkojo ikaonekana kwenye eksirei. Lakini kwa miaka mingi dawa hizo zilikuwa na ukolezi mkubwa mara kadhaa kuliko damu, nazo ziliunguza mishipa na kutapisha watu. Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa radiolojia wa Sweden, Torsten Almén, alipendekeza molekuli zisizo na chaji ya umeme ili ukolezi upungue. Kizazi cha dawa kilichotokana na wazo hilo ndicho kinachotumika leo: ioheksoli, iopamidoli, iopromidi, na iodiksanoli ambayo ukolezi wake unalingana na wa damu. Hadithi nyingi za kutisha anazosimulia shangazi au babu kuhusu "ile sindano ya moto" ni za dawa za zamani.

Je, ni iodini yenye mionzi?

Hapana. Iodini ya kontrasti haina mionzi yoyote. Iodini 131, inayotumika kutibu saratani ya tezi ya thairoidi, ni kitu kingine kabisa na hutolewa na idara nyingine. Mionzi unayoipata wakati wa CT hutoka kwenye mashine, nayo hukoma mashine inapozimwa. Huna haja ya kujitenga na watoto ukirudi nyumbani.

Kwa nini nisifanyiwe CT bila dawa tu?

Hili ndilo swali lenye maana kuliko yote, kwa sababu jibu lake hutegemea daktari anatafuta nini.

Chukua ini. Kiasi cha robo tatu ya damu yake hutoka kwenye mshipa unaokusanya damu ya utumbo, na robo iliyobaki hutoka kwenye ateri. Saratani iliyoanzia kwenye seli za ini hunywa karibu damu yake yote kutoka kwenye ateri. Kwa hiyo picha ikipigwa sekunde 30 hivi baada ya sindano, wakati dawa imejaa kwenye ateri, uvimbe huo hung'aa kuliko ini linaloizunguka saratani hiyo. Ikisubiriwa hadi sekunde 70 na kuendelea, ini zima hujaa dawa huku uvimbe ukianza kuitoa, na sasa uvimbe ndio unaoonekana wenye giza. Kwa mtu mwenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, mwenendo huo wa kung'aa kisha kufifia una uzito mkubwa kiasi kwamba mara nyingi madaktari huweza kuanza matibabu bila kukata kipande cha nyama kwa ajili ya maabara. Bila dawa, uvimbe huohuo unaweza usionekane kabisa.

Saratani nyingine zina tabia zao. Chembe zilizosambaa kwenye ini kutoka utumbo mpana huwa na damu kidogo, hivyo hutafutwa katika ile picha ya sekunde 70, zikionekana kama madoa meusi kwenye ini linalong'aa. Zilizosambaa kutoka kwenye figo, au kutoka uvimbe wa seli za homoni, huwa na damu nyingi na huonekana mapema, kisha hupotea. Kwa kongosho, mtaalamu hupenda sekunde 40 hadi 45, kwa sababu hapo kongosho lenye afya limeng'aa vizuri na saratani yake, ambayo kwa kawaida ni ngumu na yenye damu haba, hujitokeza. Mgonjwa hukaa mezani bila kujua kwamba muda wa sekunde hizo umepangwa kwa ajili ya uvimbe wake yeye.

Kisha kuna ramani ya upasuaji. Je, uvimbe umeushika mshipa mkubwa au umeugusa tu? Jibu la swali hilo linaweza kuamua kama mtu atapelekwa chumba cha upasuaji au ataanza na kemotherapia, na dawa ya kontrasti ndiyo inayouchora mshipa huo.

Mbona narudiwa kwa namna ileile kila baada ya wiki kadhaa?

Kwa sababu matibabu hupimwa kwa kulinganisha. Mfumo wa RECIST 1.1, uliotolewa mwaka 2009 na unaotumika sana katika majaribio ya dawa za saratani, humtaka msomaji achague uvimbe kadhaa, apime kipenyo cha kila mmoja na kujumlisha, kisha alinganishe jumla hiyo na vipimo vinavyofuata. Uvimbe uliopimwa safari ya kwanza kwa dawa na safari ya pili bila dawa unaweza kuonekana umekua au umepungua kumbe ni kingo zake tu zimeonekana tofauti. Ukihamia kituo kingine, beba diski ya picha zako za awali. Ripoti ya maandishi haitoshi.

Na ukubwa hausemi yote. Uvimbe wa njia ya chakula unaoitwa GIST, ukitibiwa kwa imatinibi, unaweza kubaki na ukubwa uleule au hata kuvimba kidogo katika miezi ya mwanzo huku ndani yake umekufa. Dalili ya kwamba imatinibi inafanya kazi ni uvimbe kuacha kung'aa: haupokei tena damu kama zamani. Nadhani mfano huu unatosha kumjibu anayesema kwamba kontrasti ni urembo wa picha. Mgonjwa anaweza kuachishwa dawa inayomsaidia kwa sababu tu picha ilipimwa kwa rula peke yake.

Kuna vipimo vya saratani ambavyo havihitaji dawa hii?

Vipo. CT ya dozi ndogo ya kuchunguza saratani ya mapafu kwa wavutaji sigara hufanywa bila dawa, kwa sababu hewa ya mapafu yenyewe inatosha kutofautisha kivimbe kidogo. Kufuatilia kivimbe hicho pia mara nyingi hakuhitaji dawa. Ubongo huchunguzwa vizuri zaidi kwa MRI, kipimo cha sumaku, ambayo dawa yake ni ya gadolinium, si iodini. PET, kipimo kingine cha kutafuta saratani mwilini, hutumia sukari yenye mionzi. Ingawa vituo vingine huongeza kontrasti ya iodini kwenye CT inayoambatana nayo, hilo ni uamuzi wa ziada.

Kwa upande mwingine, iodini imeingia mahali ambapo wengi hawaitegemei. Siku hizi kuna mamografia, yaani eksirei ya matiti, inayofanywa baada ya sindano ya kontrasti, ambayo husaidia kuona saratani kwenye matiti yenye nyama nzito. Mgonjwa wa saratani anayepungukiwa pumzi ghafla naye hupelekwa CT ya mishipa ya mapafu kutafuta damu iliyoganda, kwa kuwa saratani huongeza hatari ya damu kuganda. Kipimo hicho bila dawa hakina maana yoyote.

Nitahisi nini?

Joto linalopanda kutoka kifuani kwenda kooni na kushuka kiunoni, ladha ya chuma mdomoni, na hisia kama umejikojolea. Hujajikojolea. Hisia hizo hupita ndani ya dakika moja au mbili. Kichefuchefu kidogo hutokea kwa baadhi ya watu. Hayo yote si mzio, na usiruhusu yaandikwe kwenye faili lako kama mzio, kwa sababu neno hilo likishaandikwa litakufuata kila kituo na linaweza kukunyima kipimo unachokihitaji.

Mzio wa kweli hutokea kwa wangapi?

Utafiti mkubwa uliofanywa Japani na kuchapishwa mwaka 1990 ulifuatilia zaidi ya sindano 337,000. Kwa dawa za zamani zenye chaji, waliopata athari ya aina yoyote walikuwa asilimia 12.66, na athari kali asilimia 0.22. Kwa dawa zisizo na chaji, athari zote zilikuwa asilimia 3.13 na kali asilimia 0.04, yaani watu wanne katika kila 10,000. Ndiyo sababu dawa za zamani ziliondolewa kwenye sindano za mshipani.

Mzio mwepesi ni vipele vinavyowasha, chafya na macho kuvimba. Mzito ni koo kubana, kifua kukoroma, shinikizo la damu kushuka. Hutokea haraka, mara nyingi katika dakika tano za kwanza na karibu daima ndani ya nusu saa, ndiyo maana unaombwa ukae kituoni dakika 30 baada ya sindano. Tafadhali kaa. Tiba ya mzio mkali ni adrenalini ya kudungwa kwenye msuli wa paja, na hufanya kazi vizuri pale inapotolewa mapema na watu walio karibu.

Nina mzio wa samaki wa gamba, kamba na kaa. Je, nikatae?

Usikatae. Kinachowadhuru watu kwenye kamba na kaa ni protini ya misuli ya viumbe hao, na iodini haihusiki. Vivyo hivyo kwa aliyewahi kuwashwa na dawa ya kahawia ya kusafishia kidonda, yenye iodini. Mtu mwenye mizio mingi, au mwenye pumu, ana uwezekano mkubwa kidogo kuliko wengine, lakini hilo ni kwa mzio wa aina yoyote, na peke yake si sababu ya kumnyima kipimo. Imani hii imeshikiliwa kwa miongo kadhaa, hata na baadhi ya wahudumu wa afya, na inaniuma kwa sababu imewaondoa watu mezani waliopaswa kupimwa.

Mara iliyopita nilitokwa na vipele. Sasa je?

Hapa ndipo penye tahadhari ya kweli. Aliyewahi kupata mzio wa dawa hii ndiye aliye kwenye hatari kubwa zaidi ya kuupata tena. Mambo matatu yanasaidia. La kwanza ni kujua jina la dawa uliyodungwa safari ile. Kama hulijui, kituo kilichokupima kinaweza kulitafuta kwenye kumbukumbu zao. La pili ni kubadilisha dawa: mtu aliyeudhiwa na ioheksoli mara nyingi huvumilia nyingine. La tatu ni dawa za kutanguliza. Utaratibu unaojulikana sana ni prednisoni, dawa ya jamii ya steroidi, miligramu 50 saa 13, saa 7 na saa 1 kabla ya kipimo, pamoja na dawa ya kuzuia mzio. Steroidi zinahitaji saa kadhaa kufanya kazi, kwa hiyo kuzimeza ukiwa kwenye foleni hakusaidii kitu. Zinapunguza hatari ila haziifuti, na mwenye kisukari sukari yake itapanda kwa siku moja au mbili.

Kama mzio ulikuwa mkali, yaani ulipoteza fahamu au ulihitaji adrenalini, daktari wako na wa radiolojia wazungumze kwanza juu ya njia nyingine: MRI, ultrasaundi, au CT bila dawa. Mzio wa kontrasti ya iodini haukuzuii kupata ile ya MRI.

Dawa hii itaua figo zangu?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa la kutisha kupita kiasi. Kila figo iliyolegea baada ya CT ilihesabiwa kuwa imeharibiwa na kontrasti, wakati wagonjwa hao walikuwa pia na maambukizi, upungufu wa maji, dawa kali na upasuaji. Watafiti walipoanza kuwalinganisha na wagonjwa wanaofanana nao waliopimwa bila dawa, tofauti ilipungua sana. Mwaka 2020 chuo cha wataalamu wa radiolojia cha Marekani pamoja na taasisi ya figo ya nchi hiyo walitoa kauli ya pamoja: hatari ipo, lakini ilikuwa imekuzwa, na wanaohitaji kinga hasa ni wale ambao kasi yao ya uchujaji, inayoandikwa eGFR, iko chini ya 30, na wale ambao figo zao zimeshtuka ghafla na bado hazijatulia. Kinga yenyewe ni maji ya chumvi ya mshipani kabla na baada ya kipimo.

Hata hivyo mgonjwa wa saratani ana mambo yake, na hapa sitaki mtu asome aya iliyotangulia akatulia mapema mno.

Kwanza, namba ya eGFR hukokotolewa kutokana na kreatinini, taka ya damu inayotolewa na figo, na kreatinini hutoka kwenye misuli. Mgonjwa aliyekonda sana ana misuli michache, kwa hiyo kreatinini yake huwa ndogo na figo huonekana nzima kwenye karatasi kuliko zilivyo. Ukiwa umepoteza kilo nyingi, litaje jambo hilo.

Pili, namba ya miezi miwili iliyopita inaweza kuwa imepitwa na wakati. Saratani ya mlango wa kizazi, ya kibofu au ya tezi dume inaweza kubana mirija ya mkojo na figo zikaanza kujaa taratibu. Ukiona mkojo umepungua au kiuno kimevimba na kuuma, omba kipimo cha damu kabla ya siku ya CT.

Tatu ni dawa. Dawa za kemotherapia kama sisplatini, ifosfamidi na methotreksati ya dozi kubwa huzielemea figo. Asidi ya zoledroniki ya kuimarisha mifupa pia. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, ambazo watu humeza bila kumwambia yeyote, nazo zimo. Kila moja peke yake inaweza kuvumilika. Zikikutana wiki moja na kutapika kwa siku tatu, figo hubaki na akiba ndogo. Ukipangiwa sisplatini na CT siku zinazofuatana, uliza kama moja inaweza kusogezwa. Ni swali halali na madaktari wa saratani hulipokea vizuri. Nne, kalsiamu iliyopanda kwenye damu, inayotokea saratani ikishika mifupa, hukausha mwili na inafaa irekebishwe kwanza.

Wakati mwingine kuchelewesha kipimo ndiko kunakoua. Mtu anayeshukiwa kuwa na damu iliyoganda mapafuni, au utumbo uliotoboka, hapaswi kungojea majibu ya kreatinini hadi kesho.

Niko kwenye dayalisisi. Je?

Unaweza kudungwa. Ikiwa figo hazitoi mkojo tena, hakuna cha kuziharibu, na kwa kawaida hakuna haja ya kufanyiwa dayalisisi ya haraka kwa ajili ya kuitoa dawa. Kama bado unapata mkojo kiasi, sema, kwa sababu hicho kidogo kina thamani.

Natumia metformini ya kisukari.

Metformini haigombani na kontrasti moja kwa moja. Tatizo ni figo zikilegea, kwa kuwa metformini itabaki mwilini na kuweza kuleta asidi kwenye damu. Ikiwa eGFR yako ni 30 au zaidi na huna shida ya figo ya ghafla, kwa sindano ya kawaida ya mshipani wengi huendelea kuitumia. Ikiwa iko chini ya hapo, husimamishwa siku ya kipimo na kurejeshwa baada ya saa 48, figo zikishapimwa upya.

Nina saratani ya tezi ya thairoidi. Hii inanihusu vipi?

Sana, na ni jambo ambalo mgonjwa mwenyewe anaweza kuokoa mpango wake wa matibabu kwa kulisema. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za iodini kwa siku. Chupa ya mililita 100 yenye miligramu 300 za iodini kwa kila mililita ina gramu 30. Karibu zote zimefungwa kwenye molekuli na hutoka kwenye mkojo bila kuguswa, lakini ile sehemu ndogo iliyo huru inatosha kuishibisha tezi. Tezi iliyoshiba haitaipokea iodini 131, na tiba itapotea bure. Kwa sababu hiyo kati ya kontrasti na tiba ya iodini yenye mionzi huachwa kwa kawaida wiki 4 hadi 8, na iodini kwenye mkojo inaweza kupimwa kuhakikisha imepungua.

Hilo lisimfanye mtu akatae CT kabla ya upasuaji wakati uvimbe umeingia kwenye koromeo au kushuka kifuani. Daktari wa upasuaji anahitaji ramani hiyo, na kwa kuwa iodini 131 hutolewa wiki kadhaa baada ya upasuaji, muda wa kusubiri mara nyingi hupita wenyewe. Anayepaswa kusimama na kuuliza kwanza ni mwenye tezi inayofanya kazi kupita kiasi na ambayo bado haijatibiwa, kwani iodini nyingi inaweza kuichochea zaidi.

Na mayeloma? Na uvimbe wa adrenali unaopandisha shinikizo?

Mayeloma, saratani ya uboho wa mifupa, zamani ilikuwa sababu ya kukataliwa moja kwa moja. Sasa, figo zikiwa nzuri na mwili ukiwa na maji, hudungwa kama wengine. Kwa ule uvimbe wa adrenali, tezi iliyo juu ya figo, unaoitwa feokromositoma, dawa za kisasa za mshipani hazijathibitika kuleta mlipuko wa shinikizo, hivyo si lazima kutanguliza dawa maalumu.

Nifunge kula tangu usiku?

Kwa CT ya kawaida miongozo ya sasa haidai kufunga. Vituo vingi bado huomba saa chache bila chakula kizito, na ukipewa maelekezo hayo yafuate, lakini uliza wazi kuhusu maji. Mgonjwa aliyetoka kwenye kemotherapia, anayetapika, kisha akaambiwa asiguse hata maji tangu jioni, anafika na figo zikiwa na kiu. Utaratibu huo siupendi hata kidogo. Kunywa maji kabla na baada, isipokuwa kama una ugonjwa wa moyo au figo uliowekewa kikomo cha maji, au utapewa dawa ya usingizi.

Mishipa yangu imekufa kwa kemotherapia. Wanaweza kutumia porti?

Inategemea porti, yaani kile kifaa kilichowekwa chini ya ngozi kupitishia dawa. Pampu ya CT husukuma mililita 3 hadi 5 kwa sekunde, na porti au katheta isiyotengenezwa kuhimili shinikizo hilo inaweza kupasuka ndani ya mwili. Zinazohimili huwa na alama, na ulipowekewa ulipewa kadi. Ibebe. Bila uthibitisho, mtaalamu atatafuta mshipa wa mkono, au ataomba kipimo kifanywe kwa kasi ndogo. Aliyetolewa titi pamoja na tezi za limfu za kwapani aseme ni upande upi, ili mkono wa pili utumike ikiwezekana.

Mshipa dhaifu unaweza kuvuja na dawa ikamwagika chini ya ngozi. Ukihisi maumivu makali au mkono kujaa sindano inapoendelea, paza sauti papo hapo. Usivumilie ili kipimo kiishe. Mara nyingi inatosha kuinua mkono na kuweka kitambaa cha baridi. Maumivu yakizidi, vidole vikifa ganzi au kubadilika rangi, au ngozi ikitoka malengelenge, daktari wa upasuaji auone mkono huo siku hiyohiyo.

Ninanyonyesha. Nina mimba.

Endelea kunyonyesha. Chini ya asilimia 1 ya dozi huingia kwenye maziwa, na utumbo wa mtoto hufyonza chini ya asilimia 1 ya hicho. Hakuna sababu ya kukamua na kumwaga. Kwa mjamzito, uzito mkubwa uko kwenye mionzi ya CT yenyewe. Ikiamuliwa kwamba kipimo ni cha lazima, kontrasti inaweza kutolewa, na tezi ya thairoidi ya mtoto ipimwe katika wiki yake ya kwanza, kipimo ambacho sehemu nyingi hufanyiwa kila mtoto.

Nimeshapigwa sindano hizi mara nyingi. Hazijirundiki mwilini?

Figo zikiwa nzuri, nusu ya dawa hutoka kila baada ya saa mbili hivi, na ndani ya saa 24 karibu yote imeshatoka. Haigeuzwi kuwa kitu kingine. Wala hailishi saratani: uvimbe hung'aa kwa sababu damu imepita humo ikiwa na iodini, kisha damu hiyo huendelea na safari yake.

Ile dawa ya kunywa ni hiyohiyo?

Mara nyingi ndiyo, ikiwa imechanganywa na maji mengi, ili utumbo utofautishwe na uvimbe au tezi za limfu zilizo jirani. Pakiwa na wasiwasi kwamba utumbo umetoboka, iodini inayoyeyuka hupendelewa kuliko bariamu, dawa nyingine ya kunywa ya eksirei, kwa kuwa bariamu ikimwagika tumboni huleta madhara makubwa. Ukiwa unapaliwa unapokunywa, sema kabla ya kupewa kikombe.

Nimesikia kuna iodini inayotumika kutibu uvimbe wa ini.

Ni mafuta ya mbegu za mpopi yaliyounganishwa na iodini, Lipiodol, yaliyotengenezwa Ufaransa mwaka 1901. Katika tiba ya kuziba ateri inayolisha saratani ya ini, daktari huchanganya kemotherapia na mafuta hayo na kuyapeleka hadi mlangoni mwa uvimbe kupitia mrija mwembamba. Mafuta hubaki ndani ya uvimbe kwa wiki kadhaa, kwa hiyo CT ya baadaye itaonyesha weupe mkali hapo hata kabla ya sindano. Mtaalamu anayesoma picha asiyejua historia yako anaweza kuutafsiri vibaya weupe huo, basi mwambie.

Baada ya kurudi nyumbani niangalie nini?

Kunywa maji siku nzima. Vipele vinavyowasha vinaweza kutokea kuanzia saa moja hadi siku saba baadaye, na huwapata zaidi waliowahi kutibiwa kwa interleukini-2, dawa ya saratani inayochochea kinga ya mwili. Vingi huisha vyenyewe au kwa dawa ya kuzuia mwasho, lakini vipige picha na uviripoti ili viandikwe pamoja na jina la dawa. Ngozi ikianza kuchubuka, au mdomo na macho vikitoka vidonda, nenda hospitali usingoje. Uso ukivimba, pumzi ikibana au ukisikia kuzirai, nenda dharura saa hiyohiyo. Mkojo ukipungua sana katika siku mbili au tatu zinazofuata, hasa kama bado unatapika au unaharisha, rudi upimwe kreatinini kabla ya mzunguko mwingine wa kemotherapia.